Kwihara, na dumu la asali

Bibi alipouliza naenda Tabora kufanya nini, nilimwambia naenda kutazama nyumba ya udongo. Akaendelea kukuna nazi. Halafu, bila kuinua uso kutoka kwenye mbuzi, akauliza: "Kwani za hapa Kisauni zimekwisha?"

Hazijakwisha. Ila hiyo ya Tabora nilikuwa na deni nayo.

Kwetu ni mwendo wa dakika kumi kutoka Kengeleni. Matatu za Kisauni hupita pale, na tangu nikiwa chekechea najua kusema "shukisha Kengeleni" bila kujiuliza kengele yenyewe ni ya nani. Ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ikilia, maana yake wakamataji wanakuja, kila mtu ashike wanawe. Hayo bibi alinieleza. Ambayo hakunieleza, kwa kuwa naye hakuyajua, niliyakuta chuoni mwaka wa pili, kwenye ukurasa ambao mhadhiri aliuruka kwa sababu kipindi kilikuwa kinakwisha: kwamba mzee mmoja aliyeishi huko kwetu, akafia Mombasa mwaka 1935, alikuwa miongoni mwa watu waliobeba maiti ya David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, kutoka Zambia ya leo hadi baharini. Jina lake la ubatizo ni Matthew Wellington. La kuzaliwa ni Chengwimbe, Myao, aliyeuzwa angali mtoto.

Mwaka 1935 mama yake bibi alikuwa msichana mkubwa. Pengine alipishana na mzee huyo njiani akamwamkia. Mimi nimesoma shule ya msingi, sekondari na mwaka mzima wa chuo kikuu, nimeandika insha tatu juu ya Livingstone, na sikuwahi kuambiwa kwamba aliyembeba ni jirani yetu.

Chengwimbe na Livingstone walikutana Kwihara, nje kidogo ya Tabora, Agosti 1872. Nauli yangu yote ya likizo ikaenda huko.

Safari naifupisha: basi Mombasa hadi Dar es Salaam, treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi tena kupitia Manyoni na Itigi, vumbi, usingizi, shingo kukazana. Tabora yuko khalati yangu, mdogo wake mama, aliyeolewa na mtu wa reli miaka mingi iliyopita. Nilifika usiku nikalala kama gunia.

Asubuhi ya Julai Tabora ni baridi. Siyo baridi ya kusema "kuna kiupepo", ni baridi ya kutafuta soksi. Khalati aliniandalia chai ya maziwa na sahani ya vipande vyekundu vilivyokauka, nikavidhania aina fulani ya halua. Nikakiuma kimoja kwa meno ya mbele. Bamdogo, mumewe, akacheka hadi akaweka kikombe chini. Kumbe ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa juani mpaka vikawa kama soli ya kiatu. Siri yake ni kukiacha mdomoni na kukisubiri. Ukikisubiri, kinakulipa.

"Hicho," Bamdogo akasema, "ndicho chakula cha safari. Hakiozi, hakimwagiki, na ukikitafuna huna nafasi ya kulalamika."

Bamdogo ni mstaafu wa reli na kila kitu kwake kinaanzia stesheni, kwa hiyo na sisi tulianzia stesheni. Ni jengo la Wajerumani, na reli ilifika hapa kutoka Dar mwaka 1912, miaka miwili kabla ya kufika Kigoma. Alinionyesha njia inapogawanyika, huku Mwanza, huku Kigoma, akanieleza ratiba za mwaka ambao mimi sijazaliwa. Nilikuwa nasikiliza nusunusu mpaka aliposema jambo ambalo nililiandika palepale: kwamba siku gari moshi la kwanza lilipopiga honi Tabora, kazi ya kabila zima ilikwisha. Wanyamwezi walikuwa wapagazi kwa sifa. Kijana hakuhesabiwa mtu mzima mpaka aende pwani na mzigo begani na arudi. Baada ya reli, wajukuu wao walipanda behewa wakaenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba.

Akanitafutia bodaboda anayemwamini, kijana mpole mwenye koti kubwa la baridi, akapatana naye bei kwa niaba yangu (asante, Bamdogo), akarudi nyumbani kwenye redio yake.

"Dada, wewe ni mtu wa wapi?" kijana akaniuliza hata hatujafika barabara kubwa.

"Mombasa."

"Mkenya? Mkenya gani anajua Kiswahili?"

Hii kauli nimeisikia mara sita ndani ya siku tatu, na kila mara damu hunichemka upya. Nilimwambia Kiswahili anachonisemesha kilipanda huku bara kutoka kwetu, kwa miguu. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi kilichoka njiani, kikapumzika hapa, kikapata nguvu." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Mjini tulizunguka haraka. Ngome ya Wajerumani, boma, tuliipita kwa mbali, naye akanionya niteremshe simu kwani ni eneo la wanajeshi. Nilitaka zaidi kumwona Isike kuliko boma, lakini Isike huwezi kumwona, unaambiwa tu. Alikuwa mtemi wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayozunguka Tabora, na Wajerumani walihangaika naye kwa zaidi ya shambulio moja. Januari 1893 walipovunja ukuta wa makao yake, aliingia kwenye ghala la baruti akaiwasha. Hapo mwenzangu alipunguza mwendo akanifundisha neno: makao ya mtemi ni ikulu. Nikamwambia ikulu ni neno la Kiswahili. Akasema ndiyo, baada ya kuazimwa kwao. Mmoja kwa mmoja, tukawa sare.

Shule ya Tabora Boys tuliitazama kutoka barabarani. Mwalimu Nyerere alianza kusoma hapo mwaka 1937, na mji huohuo ndio uliomrudisha Januari 1958, TANU ilipokutana kuamua kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimisha mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mhindi kwa pamoja. Watu walitaka kuususia. Yeye aliwageuza, wakaingia, wakashinda, na waliokataa wakatoka na Zuberi Mtemvu kuanzisha chama chao. Kwa mwanafunzi wa historia hilo peke yake lingestahili siku nzima, na najua nimelipita kama mtu anayekwepa shangazi mwenye maneno mengi. Akili yangu ilikuwa Kwihara.

Njia ya Kwihara ni mchanga. Bodaboda inayumba kama jahazi, na pembeni kuna miembe minene ambayo watu wazima wawili hawaishiki kwa kukumbatiana. Julai haina maembe, ina kivuli tu. Tulipopita wazee wameketi nje ya nyumba, kijana aliita "Mwangaluka!" bila kusimama, nao wakaitikia kwa pamoja. Nikajaribu na mimi kwa wazee waliofuata. Waliitikia, kisha nikasikia kicheko nyuma yetu.

Halafu ikatokea, peke yake, kwenye uwanja uliofagiliwa: tembe. Nyumba ndefu ya udongo wenye rangi ya kutu, ukuta mnene, paa la bapa. Na mlango. Huo mlango ulinifanya nicheke kwa sauti, kwa sababu ni mlango wa kwetu. Mbao za nakshi, kama ile ya Mji wa Kale Mombasa ambayo watalii huipiga picha huku wameegemea. Kilomita mamia kutoka baharini, katikati ya nchi ya miombo, mtu alitaka kufungua mlango wake asubuhi na kujihisi yuko pwani.

Mtunzaji alikuwa mzee mwenye kofia ya vito na funguo zilizofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mgeni au mwenyeji?"

Swali lilikuwa la kiingilio. Bodaboda akajibu haraka kwamba mimi ni Mkenya, yaani mgeni, na mzee akamtazama kwa huruma. "Huyu? Huyu mtu wa pwani. Hawa walikuwa wanakuja hapa kabla ya babu yako kuzaliwa." Akaniandikia stakabadhi ya Afrika Mashariki. Nilifurahi kupunguziwa, kisha nikaanza kufikiri ni nini hasa alichosema, na furaha ikapungua.

Ndani ni giza na ubaridi mzuri, vyumba vimezunguka ua. Kuna picha, ramani, nakala za barua. Nyumba tunayoiona ilijengwa upya miaka ya 1950 mahali palepale pa ile ya zamani, mzee hakuficha hilo. Ya zamani ilikuwa mikononi mwa Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, ambaye aliwakaribisha wageni humo mmoja baada ya mwingine. Stanley, mwandishi wa gazeti, aliingia hapa Juni 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone, akajiingiza kwenye vita vya Waarabu na Mirambo, mtemi wa Urambo, akakimbia pamoja na walioshindwa, akazunguka kusini kwenda Ujiji. Februari 1872 akarudi na Livingstone mwenyewe. Machi 14 wakaagana, Stanley akaelekea pwani kuwa maarufu.

Na Livingstone, mzee wa watu, akabaki anangoja. Hiki ndicho kisa ambacho insha zangu zote tatu zilikiruka. Tunasoma Ujiji, kofia zinavuliwa, swali maarufu linaulizwa, kisha tunaruka hadi kifo. Katikati kuna siku 164, kwa hesabu yangu, za mtu wa miaka 59 kukaa kwenye nyumba hii akisubiri Stanley amletee watu kutoka Zanzibar. Bila watu wa kubeba hakuwa mpelelezi wa kitu chochote. Alikuwa mgonjwa mwenye vitabu, kwenye ua wa mtu.

Alikuwa nao wachache wa zamani: Susi wa Shupanga, aliyemfuata tangu Zambezi. Chuma, Myao, aliyekombolewa mwaka 1861 akiwa mtoto. Na Halima, mpishi wake, ambaye nampenda kuliko wote. Halima aliwahi kumtoroka, akarudi akaendelea kumpikia, naye Livingstone akaandika kwenye shajara kwamba wakifika Zanzibar atamnunulia nyumba na shamba. Hakufika Zanzibar akiwa hai. Nimetafuta kujua kama Halima alipata nyumba hata hivyo. Natafuta bado.

Ni katika kungoja huko, tarehe 1 Mei 1872, alipoandika barua kwa gazeti la New York Herald juu ya biashara ya watumwa, akaiita kidonda kilicho wazi cha dunia. Alikufa tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata. Maneno hayo yamechongwa kwenye jiwe la kaburi lake, Westminster Abbey, London. Nilimwambia mzee: babu, maneno yaliyoko kanisani kwa wafalme wa Uingereza yaliandikwa hapa kwenu. Akasema anajua, na kwamba karatasi ilitoka huko huko kwao.

Kwenye jiwe hilohilo pameandikwa pia kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu, kupitia nchi kavu na bahari. Mikono. Mikono haina jina, haina kwao, haina mama. Nilikuja na swali hilo kifuani, nikalitoa: "Babu, Matthew Wellington unamjua?"

Alifikiri kwa dhati. "Huyo simjui."

Moyo ulinishuka kidogo, nakiri. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Aliketi kwenye baraza, akapigapiga nafasi pembeni yake. "Keti unieleze."

Basi nikakaa kwenye nyumba ya makumbusho nikamsimulia mtunzaji wake. Nilimweleza kwamba Stanley alipofika Zanzibar alichagua wanaume zaidi ya 50 akawatuma huku, na miongoni mwao walikuwemo vijana sita waliokombolewa utotoni, wakapelekwa India, wakasomeshwa kwenye shule ya misheni huko Nasik. Wanajua kusoma, kuandika, na Kiingereza. Wawili kati yao ni Jacob Wainwright na huyu wangu wa Mombasa. Walifika Kwihara katikati ya Agosti. Agosti 25 wakaondoka na Livingstone kwenda kusini.

"Wellington," mzee akarudia. Alikuwa ametoa daftari la shule na kalamu. "Hilo jina la Wazungu. Kwao aliitwaje?"

"Chengwimbe."

"Ndilo ulilotakiwa kuanza nalo." Akaliandika, kwa herufi kubwa, akanipa daftari nihakikishe. Nilihakikisha.

Kisha ikawa zamu yake, na hapo ndipo nilipojua kwamba mzee huyu hahitaji kufundishwa. Sehemu ya kurudi kwa maiti anaisimulia kama mambo ya juzi, na anaisimulia kwa mikono.

Livingstone alikufa kwenye kijiji cha Chitambo. Wenye amri walikuwa Susi na Chuma. Wangeweza kumzika palepale wakarudi nyumbani, nani angewauliza? Badala yake walitoa moyo na matumbo wakayazika chini ya mti wa mpundu, Jacob akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa wiki mbili, wakaufunga kwenye kitambaa, kwenye gome la mti, kwenye turubai. Wakaanza kutembea. Miezi mitano baadaye, Oktoba 1873, walikaribia Tabora. Walisikia kuna Mzungu anayemtafuta Livingstone, wakadhani ni mwanawe, na Jacob akamwandikia barua kumpa habari ya baba yake. Humo alisema pia kwamba wana njaa na wanaomba nguo za kununulia chakula. Hilo ombi la nguo lilinikaa. Wamebeba maiti miezi mitano, na wanaandika kwa adabu kuomba nguo.

Hakuwa mwanawe. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Cameron, aliyekuwa amekaribishwa kwenye nyumba ileile, hii, na barua ilimkuta kitandani na homa, macho hayaoni. Siku chache baadaye maiti ikafika. Mzee alinyoosha kidole kwenye ua. Hakusema "hapa". Alinyoosha tu.

Cameron akawashauri wamzike Kwihara. Alikuwa na sababu: njia ya mbele ni ya hatari, na watu wa vijiji hawataki maiti ipite kwao. Livingstone mwenyewe, alifikiri, angeridhika kulala Afrika. Mzee alinitazama hapo. "Mzungu mwenye bunduki, mwenye bendera, anakwambia: zika. Wewe huna mshahara wa miezi. Ungefanya nini?"

"Ningezika," nilisema, na sikuwa natania.

"Walikataa."

Alilisema neno hilo kama mtu anayeweka sinia mezani.

Mbele ya Tabora, Kasekera, wenyeji walizuia njia kweli. Hapo ndipo Susi na Chuma walipofanya ujanja ninaoupenda kupita yote niliyowahi kusoma darasani. Walitangaza kwamba wamebadili nia, watamrudisha Unyanyembe azikwe. Wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la mtu, wakayavisha sanda, wakayapeleka nyuma kwa huzuni inayotakiwa. Usiku wenye kubeba wakayatupa mabua porini, wakatawanya nguo, wakarudi mmoja mmoja kwa vichochoro. Maiti yenyewe ikafungwa upya, fupi na nene, kama mzigo wa nguo za biashara. Kama mtumba, mzee alisema. Na mtumba ndilo neno lenyewe, la misafara hiyohiyo: robota la nguo la kumtosha mpagazi mmoja. Mimi mtumba naujua wa soko la Kongowea, ambako bibi hufungua robota saa kumi na moja alfajiri kutafuta mashuka. Sasa sijui nitausikiaje tena.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Maiti ikapakiwa melini, na wabebaji, wengi wao, wakalipwa wakaambiwa kwaherini. Aprili 18 maziko yakafanyika London. Katika wote waliotembea ile miezi tisa, aliyekuwepo kanisani ni Jacob Wainwright peke yake, kwa kuwa wamisionari walimlipia nauli. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, kaburi limekwisha kufungwa. Chama cha kijiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wabebaji.

Nilikaa pale barazani muda mrefu. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa nawaza mambo mazito tu. Nilikuwa nasikia njaa, na kuku mmoja alikuwa ananidonoa kamba za kiatu. Lakini lile neno la kiingilio lilikuwa limenirudia. Huyu mtu wa pwani. Hawa walikuwa wanakuja hapa. Kwa mama, sisi huenda tukawa na damu ya Freretown. Bibi hukataa kuzungumzia, na kukataa kwake ni jibu. Kwa baba, sisi ni watu wa Lamu, majahazi na biashara, na sijawahi kusikia mtu nyumbani akiuliza babu wa babu aliuza nini. Mlango ulionifanya nicheke ulijengwa kwa faida ya pembe na watu waliofungwa shingo, na chanzo chake ni kwetu kama Kiswahili kilivyo cha kwetu. Ikiwa nataka kudai kimoja ni changu, cha pili kinanifuata. Nilimwambia mzee sehemu ndogo ya haya. Akasema hapa Tabora kila familia ina aliyebeba, aliyebebeshwa na aliyeuza, na kwamba akianza kuwatenga wageni kwa hesabu hiyo hatapata wa kumfungulia mlango.

Kabla sijaondoka, aliuliza kama nitakwenda Urambo. Sikuwa na mpango huo. "Jacob wako amekufia huko," akasema. Nikasema Jacob si wangu, wangu ni Chengwimbe. Lakini ni kweli: baada ya London, baada ya kumzika mtu kanisani mbele ya mabwana wakubwa, Jacob Wainwright alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi hapa na pale kwa wamisionari, akafariki Urambo mwaka 1892. Kwa Mirambo kabisa. Kama kilomita 90 kutoka mahali nilipokuwa nimekaa.

Sasa asali.

Nje ya kijiji, mama mmoja alikuwa anauza asali ya miombo, nyeusi kama kahawa. Bibi aliniagiza nisirudi mikono mitupu, nami nikanunua dumu la lita tano kwa sababu lita moja ilionekana ya aibu. Tulikwenda labda kilomita moja, bodaboda ikapata pancha kwenye mchanga. Kijana aliona haya sana. Alianza kuisukuma pikipiki kuelekea mjini, mimi nikabeba dumu.

Lita tano za asali si kama lita tano za maji. Ni kama kilo saba. Nilibeba kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kwa kukumbatia, kisha nikajaribu kichwani kama mama zangu, na dumu la mviringo na kichwa cha mwanafunzi wa chuo havikuelewana. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, kama kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria yake na chakula chake, kutoka alfajiri mpaka jua kali, kila siku, hadi Bagamoyo. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye insha. Niliandika frasila mbili kama mtu anavyoandika namba ya simu. Baada ya nusu saa vidole vyangu vilikuwa vimekunjika kwa umbo la kipini na havikunjuki.

"Dada, lete nifunge kwenye pikipiki," kijana alisema kwa mara ya tatu.

Nilikuwa nimekataa mara mbili kwa kiburi fulani ambacho sasa sikielewi. Mara ya tatu nikampa.

Fundi wa pancha tulimpata karibu na lami. Kijana alikataa nusu ya hela, nikamlazimisha achukue yote, tukavutana kidogo, akachukua. Khalati alikuwa amepika wali na uyoga mkavu aliouloweka tangu asubuhi, na nilikula sahani mbili bila kuzungumza.

Usiku nikampigia bibi. Nikamweleza juu ya Chengwimbe, kwamba ameandikwa kwenye daftari Kwihara, kwa herufi kubwa. Alikuwa kimya hata nikadhani simu imekatika.

"Alikaa upande gani?" akauliza. "Wa kanisani au wa barabarani?"

Sikujua. Akasema atamwuliza mtu. Sikujua kama kuna mtu wa kumwuliza, na nilipotaka jina lake alibadili mazungumzo, akataka kujua kama asali ni ya nyuki wakubwa au wadogo.

Bamdogo amekwisha kuniulizia basi la Urambo. Linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwa uzoefu wake, anasema, nifike saa kumi na moja na nusu. Khalati amenifungia matobolwa kwenye mfuko. Dumu nimelisukuma chini ya kitanda, nimelizungushia shuka, na nimekaza kizibo mara mbili kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia bado unauma.